Kuugua au kupata dharura wakati wa mitihani ya sheria: mwongozo kamili kwa mwanafunzi

Asubuhi ya mtihani wa Sheria ya Ushahidi, mwenzangu wa chumba aliamka akitetemeka, meno yanagongana, shuka limelowa jasho. Nikamwambia twende zahanati. Akasema ataenda akitoka kwenye chumba cha mtihani. Akameza Panadol mbili kwa chai ya rangi, akaingia, akasaini karatasi ya mahudhurio, akajibu swali moja na nusu kati ya manne, akalaza kichwa juu ya dawati hadi muda ukaisha. Kesho yake akapimwa, malaria. Akaenda na karatasi yake ofisini kuomba ule mtihani usihesabiwe. Jibu alilopewa lilikuwa fupi: uliingia, ulisaini, uliandika, kwa hiyo umefanya mtihani. Akala supu, yaani mtihani wa marudio. Na somo lenyewe, kumbuka, lilikuwa la ushahidi.

Nilikuwa CR, yaani mwakilishi wa darasa letu, kwa miaka miwili, hapa hapa Dar es Salaam, na barua za namna hii nimezibeba nyingi. Waliofanikiwa na waliokwama hawakutofautiana kwa ukali wa ugonjwa. Yupo aliyelazwa siku nne akakataliwa, na yupo aliyekuwa na kuhara tu akakubaliwa. Ofisi huwa inauliza mambo matatu: nini kilikupata, ulimwambia nani na saa ngapi, na karatasi gani inasema hivyo. Mwongozo huu wote ni namna ya kuwa na majibu ya hayo matatu hata ukiwa hujiwezi.

Kwanza, jua unaomba nini

Watu huchanganya majina, halafu wanaomba kitu kisicho chao. Mtihani maalumu ni ule unaopewa kwa sababu hukufanya wa kwanza kwa sababu ya msingi. Unasahihishwa kama mara yako ya kwanza, alama zako zote zinabaki. Supu ni ya aliyefanya akashindwa, na katika vyuo vingi hata ukipata themanini kwenye supu unaandikiwa C. Kwa mwanafunzi wa sheria anayehesabu GPA ili aombe shahada ya uzamili au nafasi ofisi fulani, hiyo C inauma miaka. Kario ni somo unalolibeba kwenda mwaka unaofuata. Kuahirisha muhula au mwaka ni jambo kubwa zaidi, linagusa ada, malazi na mkopo. Disko, yaani kuondolewa masomoni kwa kufeli, unaijua.

Kwa hiyo mgonjwa anayeingia kwenye mtihani na kuandika ukurasa mmoja ameacha mtihani maalumu mlangoni, akaichagua supu bila kujua.

Fanya haya ukiwa mzima

Wiki ya kwanza ya muhula, tafuta kanuni za mitihani za chuo chako. Ziko kwenye prospektasi au kijitabu cha kanuni, na wengi wetu tunaomaliza miaka minne tukichambua sheria za nchi hatujawahi kuzifungua. Tafuta vifungu vitatu tu: nani anapokea ombi la kuahirisha mtihani, ndani ya siku ngapi, na cheti cha nje ya chuo kinathibitishwa na nani. Vyuo vingi hutaka cheti cha hospitali ya nje kipite kwa mganga wa chuo agonge muhuri wake. Piga picha vifungu hivyo, vikae kwenye simu.

Halafu chagua mtu mmoja. Mpe namba ya usajili wako, namba ya nyumbani kwenu, na jina la ofisi ya kwenda. Ukizimia saa kumi usiku, huyo ndiye atakayekuwa wakili wako.

Wenye hali za kudumu, yaani pumu, kisukari, kifafa, selimundu, vidonda vya tumbo, msisubiri siku ya mtihani. Peleka barua ya daktari wako kwa mshauri wa wanafunzi mapema, ombeni mnachohitaji kwa kukitaja: kuingia na dawa ya kuvuta, kula kitu kidogo katikati ya mtihani, kukaa karibu na mlango, kuongezewa muda. Mtihani wa sheria ni saa tatu za kuandika kwa mkono bila kupumzika, kurasa kumi na kitu. Aliyevunjika kifundo cha mkono wa kulia mwezi mmoja kabla hafanyi mtihani wa sheria, anafanya mtihani wa maumivu. Anaweza kuomba mwandishi wa kumwandikia, ila ofisi inahitaji muda wa kumtafuta mtu huyo na chumba cha peke yenu. Ukiomba siku mbili kabla utaambiwa pole.

Usiku ule au asubuhi ile: kuingia au kutoingia

Hapa ndipo watu wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kinachotusukuma kuingia tukiwa wagonjwa ni hofu. Umesoma wiki tatu, kichwa kimejaa kesi, unaona ukiahirisha yote yatayeyuka. Halafu kuna ile aibu ya kuonekana umekimbia mtihani. Jiulize hivi: je, naweza kukaa saa tatu, kusoma swali la tatizo lenye aya nne, na kuandika nikikumbuka nilichoandika ukurasa uliopita? Kama umetapika mara mbili tangu usiku, kama homa inakufanya usome sentensi mara tatu, kama hujalala kwa sababu ya pumu, usiingie. Nenda hospitali kwanza. Mafua, kichwa cha kawaida, tumbo la wasiwasi linalotulia ukishaanza kuandika, hayo ingia nayo, maana hakuna ofisi itakayokuahirishia.

Kuna hali ya katikati, na hapo kipimo husaidia. Kipimo cha haraka cha malaria, mRDT, kinatoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Mtihani ukiwa saa 2 asubuhi na zahanati inafungua saa 12, unayo nafasi ya kujua kabla. Ukikutwa nayo, dawa ya mseto ni dozi 6 ndani ya siku 3. Ukianza Jumatatu saa 2 usiku unamaliza Alhamisi asubuhi. Angalia ratiba yako: huenda mitihani miwili imo humo ndani, na ombi lako liitaje yote miwili. Nimeona mtu anaahirisha mtihani wa Jumanne, anaingia wa Jumatano akiwa hoi, anaufeli.

Na la usalama kabla ya la mtihani: shingo kukakamaa, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa, damu isiyokoma, degedege, mimba yenye maumivu makali. Hapo hakuna kuangalia saa. Mwamshe jirani, tafuteni gari. Barua itaandikwa hata kesho.

Hospitalini: pata karatasi inayojieleza

Daktari anatibu, hajui kanuni za chuo chako. Usipomwambia atakuandikia "apumzike" na kukuachia hapo. Mazungumzo ni ya dakika moja:

"Shikamoo dokta. Samahani, leo saa mbili nina mtihani wa chuo. Ukiona hali yangu hairuhusu, naomba uniandikie ED yenye tarehe na saa uliyoniona."

"Marahaba. Siku tatu zitakutosha. Chuo gani?"

Hiyo ED, yaani karatasi ya daktari ya kukupumzisha, iwe na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho cha chuo. Mtu aliyesajiliwa kwa majina matatu akaandikiwa jina la utani la hospitalini amerudishwa mbele ya macho yangu. Iwe na tarehe na saa ya kuonwa, siku ambazo huwezi kufanya shughuli zianzie lini ziishe lini, jina na sahihi ya daktari, muhuri unaosomeka. Ugonjwa wenyewe si lazima utajwe kwa kina, una haki ya siri yako. Inatosha daktari aseme hali yako haikuruhusu kufanya mtihani. Tunza pia risiti, karatasi ya maabara, hata pakiti ya dawa. Piga picha vyote kabla hujatoka getini, kwa sababu karatasi za hospitali zina tabia ya kupotelea kwenye bodaboda.

Usiombe tarehe irudishwe nyuma. Najua zahanati za mtaani zinazoandika chochote kwa elfu kumi, na waganga wa vyuo wanazijua vilevile. Kughushi nyaraka chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ni kifungo cha hadi miaka 7, na siku moja utapeleka maombi kwa Jaji Mkuu uandikishwe kuwa wakili, ambapo tabia yako ndiyo itakayoulizwa. Mtihani mmoja haulipi hilo.

Taarifa: siku ileile, ikiwezekana kabla ya mtihani kuanza

Tuma barua pepe kwa mratibu wa mitihani au mkuu wa idara, nakala kwa mshauri wa wanafunzi. Mistari mitatu: mimi nani, naumwa nini na niko wapi, sitaweza mtihani gani wa saa ngapi, karatasi za daktari zitafuata. Kama huwezi, CR au yule mtu wako aitume kwa niaba yako na aseme hivyo. Simu ni nzuri kwa haraka, lakini haiachi ushahidi. Ukipiga, fuatisha ujumbe wa maandishi: "Asante mwalimu kwa kunisikiliza saa 1.20 asubuhi hii, kama nilivyokueleza…"

Mwalimu wa somo usimwendee. Mtihani unasahihishwa kwa namba, bila jina, na ukimpelekea hadithi ya ugonjwa wako inaonekana unaombea maksi. Hata akikuhurumia, si yeye mwenye mamlaka ya kuahirisha.

Barua yenyewe: hesabu kila siku

Hapa sisi wa sheria tuna faida ambayo wenzetu wa kozi nyingine hawana. Kila aliyesoma mwenendo wa madai ameikuta kesi ya Lyamuya Construction, Ombi la Madai namba 2 la 2010, ambako Mahakama ya Rufani iliweka vigezo vya kuongezewa muda: eleza muda wote uliochelewa, ucheleweshaji usipitilize, onyesha bidii wala si uzembe. Kabla yake, Bushiri Hassan dhidi ya Latifa Lukio ilikwishasema hata siku moja ya kuchelewa lazima ielezwe. Chuo si mahakama, lakini kamati ya mitihani ya kitivo cha sheria imejaa watu wanaofundisha kesi hizo. Waandikie kwa lugha wanayoiota usiku.

Hii ni barua ambayo ingemwokoa mwenzangu, kama asingeingia:

*Mkuu wa Shule ya Sheria,*
*Kupitia kwa Mkuu wa Idara.*

*YAH: OMBI LA KUAHIRISHA MTIHANI WA SHERIA YA USHAHIDI WA TAREHE 9 JUNI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, namba ya usajili …… Usiku wa kuamkia tarehe 9 Juni, saa 8 usiku, nilipata homa kali na kutapika. Saa 12.40 asubuhi nilifika zahanati ya chuo, nikapimwa na kukutwa na malaria (kiambatisho A). Daktari alinipumzisha siku 3, tarehe 9 hadi 11 (kiambatisho B). Saa 1.30 asubuhi, kabla mtihani haujaanza, CR alimjulisha mratibu wa mitihani kwa barua pepe kwa niaba yangu (kiambatisho C). Sikuingia kwenye mtihani. Tarehe 10 na 11 nilikuwa kitandani kwa maelekezo ya daktari. Nimepata nguvu leo tarehe 12, na ndiyo siku ninayowasilisha barua hii.*

*Ninaomba kufanya mtihani huo katika kipindi cha mitihani maalumu, uhesabiwe kuwa mtihani wangu wa kwanza. Niko tayari kuonana na mganga wa chuo ikihitajika.*

Basi. Hakuna "kwa unyenyekevu mkubwa na machozi", hakuna historia ya umaskini wa familia. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe, ubaki nayo. Karani akikwambia muhuri hauna haja, mwambie "naomba tu dada yangu, kwa kumbukumbu zangu," na usiondoke.

Ukizidiwa ndani ya chumba cha mtihani

Nyoosha mkono. Usiinuke na kutoka, hata kama unataka kutapika, maana aliyetoka bila ruhusa anaweza kuandikiwa kosa la udanganyifu, na hilo ni balaa jingine kabisa. Mwambie msimamizi unaumwa, omba usindikizwe, omba aandike kwenye ripoti yake saa uliyotoka na sababu. Kitabu cha majibu kinabaki. Ukitulia ukarudi, endelea. Ukishindwa, nenda zahanati moja kwa moja ukiwa na aliyekusindikiza, ili saa ya ripoti na saa ya kupokelewa zifuatane. Hapa bado kuna nafasi ya kuomba ule mtihani uchukuliwe kuwa haukukamilika, na ripoti ya msimamizi ndiyo inayoibeba. Kwa aliyeandika kimya kimya hadi mwisho, nafasi hiyo ni nyembamba mno.

Dawa ziingie kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, na zionyeshe mlangoni. Ile karatasi ya maelekezo iliyokunjwa ndani ya boksi iache nje. Kwa msimamizi aliyesimama safu tano nyuma, karatasi nyembamba yenye maandishi madogo ni kibomu tu, yaani karatasi ya kuibia mtihani.

Ajali, msiba, uzazi, na kichwa kinapogoma

Umegongwa na bodaboda ukiwahi mtihani: pita polisi upate PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, au mtu akuchukulie wakati unatibiwa. Karatasi hiyo tunaisoma darasani kama kielelezo cha mashtaka, lakini kwako ni ushahidi wenye tarehe, wa chombo cha serikali, na namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha polisi, inayoweza kuhakikiwa. Ukichelewa tu kwa foleni, vyuo vingi huruhusu kuingia ndani ya dakika 30 za mwanzo. Baada ya hapo usigombane na msimamizi, nenda ofisini ukaandike.

Msiba una ugumu wake, kwani anayefiwa hakumbuki karatasi. Cheti cha kifo kutoka RITA hakitoki siku hiyo, ila kibali cha mazishi kipo tangu mwanzo, na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa hupatikana msibani penyewe. Mwombe mjomba au binamu mmoja akushughulikie. Ofisi nyingi huelewa mzazi, mwenza, mtoto, ndugu wa tumbo moja. Kama aliyefariki ni mama mdogo aliyekulea, sema kwenye barua kuwa ndiye aliyekulea, na mtendaji aandike hivyo.

Mjamzito anayejua tarehe yake inaangukia kwenye mitihani apeleke nakala ya kadi ya kliniki miezi miwili kabla. Wadada wengi huficha hadi uchungu unapowakuta kwenye ukumbi. Anayenyonyesha aombe muda wa kutoka, na mtoto akae karibu na mtu wa kumshika.

Halafu kuna lile tunalolifanyia utani: mtu ameacha kula, halali, analia akiona jengo la kitivo, au moyo unamwenda mbio hadi mikono inakufa ganzi. Huo ni ugonjwa, na daktari au mshauri nasaha wa chuo anaweza kuuandikia. Nenda kabla ya mtihani, kwa sababu ukienda baada ya matokeo kila mtu atafikiri matokeo ndiyo yaliyokuuguza. Rafiki akisema hataki kuishi tena, usimwache peke yake usiku huo kumpisha "apumzike asome". Mpelekeni hospitali wawili wawili.

Kwa walio Law School na walio Kenya

Law School of Tanzania, wanakopita wahitimu wa sheria wanaotaka uwakili, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ina kanuni zake, na mazoea ya chuo kikuu ulikotoka hayakusaidii huko. Ushindani wake unajulikana: matokeo yaliyozua kelele mwaka 2022 yalionyesha 26 tu waliofaulu moja kwa moja kati ya 633, hadi Damas Ndumbaro, Waziri wa Katiba na Sheria wakati huo, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Mahali penye takwimu hizo, kuingia na homa ni kujiongeza kwenye hesabu mwenyewe.

Kenya, kosa la kawaida ni kupeleka barua kusiko. Anayefundisha kozi ya uwakili ni Kenya School of Law, pale Karen, lakini mtahini ni Council of Legal Education. Mitihani ni 9, hukaliwa Novemba na Julai, na ombi lako linakwenda kwa Baraza, nakala kwa Shule.

Ukikataliwa

Omba uamuzi kwa maandishi wenye sababu. Soma kanuni, kuna ngazi ya rufaa, mara nyingi kamati ya juu au seneti, na ina siku zake. Rufaa isirudie barua ya kwanza. Ijibu sababu iliyokukatalia: kama walisema cheti hakikuthibitishwa, leta kilichothibitishwa. Nenda na rais wa serikali ya wanafunzi kama anaheshimika, muache kama ni mtu wa vurugu.

Mahakama Kuu ipo, kwa njia ya mapitio dhidi ya chombo cha umma. Kwa Tanzania, kanuni za mapitio hayo za 2014 zinataka uombe kibali ndani ya miezi 6 tangu uamuzi. Ila mahakama itaangalia kama ulisikilizwa na kama kanuni zilifuatwa, haitakuandikia maksi, na shauri likiisha wenzako watakuwa wameshavaa majoho. Mimi ningemaliza ngazi zote za chuo kwanza.

Baada ya kukubaliwa

Kama umeahirisha mwaka mzima, pita kwa afisa mikopo wa chuo kabla hujapanda basi la nyumbani, ili Bodi ya Mikopo ipate taarifa kutoka chuoni na si kutoka kwa ukimya wako. Muulize pia bima yako ya afya itakuwaje.

Kama ni mtihani mmoja, koswek yako, yaani alama za kazi za muhula, inabaki vilevile, kwa hiyo hakikisha imeshaingizwa. Tarehe ya mitihani maalumu hutangazwa ghafla, mara nyingi pamoja na supu, wakati wa likizo, na wewe uko Kigoma. Tenga nauli mapema. Matokeo yakitoka, fungua mfumo usiku huohuo. Somo uliloahirisha likionyesha hukuhudhuria au F, barua yako haikufika kwa anayeingiza matokeo. Piga picha ukurasa huo, chukua ile nakala yenye muhuri, na uwe mlangoni kwa mratibu saa mbili asubuhi, kabla seneti haijakaa kuyapitisha.